Kipindi Kilicholipiwa na Wasiokielewa

Siku moja ya miaka ya sabini hainitoki kichwani, mwanangu, na jana uliponirudishia maneno yangu mwenyewe bila kujua, nikaona leo lazima nikusimulie. Ulikuwa umekaa uani na wenzako, simu mkononi, ukiuliza kwa nini kodi yako iende kulisha redio ya taifa wakati wewe huisikilizi. Ukasema anayeitaka ailipie mwenyewe. Ulisema vizuri, tena kwa sauti. Mimi nilikuwa ndani nacheka peke yangu, maana hayo yote niliyasema kabla mama yako hajazaliwa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yako.

Wakati huo nilikuwa kijana wa baiskeli hapa mpakani Malaba. Kazi yangu ilikuwa kubeba watu na mizigo kutoka geti letu hadi geti la Uganda, na nikipata mteja mwenye haraka, hadi Tororo. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, kiti cha nyuma nimekishonea sponji na kitambaa chekundu, na kengele niliipiga hata mahali pasipo na mtu. Usicheke. Kila kijana ana kengele yake, na yako nimeisikia jana. Pamoja na mizigo tulibeba habari pia. Mwambie shemeji ng'ombe amezaa. Mwambie baba mkwe tunakuja Jumapili. Hakuna aliyekufa, aliyeoa wala aliyegombana na mkewe kati ya Malaba na Tororo bila sisi kujua kabla jua halijatua.

Chai tulikunywa kwa Mzee Abdala. Babu yake alifika huku na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi, na ukoo wao ukawa wa hapahapa. Hoteli yake ilikuwa na meza chache, madawati, na redio moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zikichoka alizianika kibarazani pamoja na pilipili, zikapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuwa na meno.

Basi siku hiyo ninayoikumbuka, Mzee Abdala alikuwa ametoka posta kukata leseni ya redio. Zamani, mwanangu, kila mwenye redio alitakiwa kuwa na leseni, na juu ya hiyo serikali iliongeza kutoka kwenye kodi yetu sote, mwenye redio na asiye nayo. Alipoingia na leseni yake mfukoni, mimi nikaona nimepata pa kuchezea.

"Mzee," nikamwambia, "hii redio si ni yako? Betri ni yako, kitambaa ni cha mama. Sasa serikali inalipwa ya nini?"

Wenzangu wakacheka, na kijana akichekewa huongeza chumvi. Nikaendelea kusema kwamba mimi nalipa kodi na redio sina, kwa hiyo jasho langu linamlipa mtu akae Nairobi anisomee vile waziri alifungua daraja na nani alimpokea. Nikapiga kengele ya baiskeli iliyoegemea mlangoni. "Hii hapa ndiyo redio yangu. Haitaki leseni."

Mzee Abdala alimimina chai hadi kikombe kikajaa, ndipo akaniangalia. "Baiskeli yako nzuri, kijana. Lakini baiskeli hupeleka habari kwa mtu unayejua anakaa wapi. Na yule usiyejua aliko?"

"Mtu hajulikani aliko, mzee? Huyo basi hana habari ya kupelekewa."

Meza nzima ikapiga makofi. Yeye hakukasirika. Alinisogezea chai yangu akasema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Kisha akaenda kugeuza mandazi yake.

Sikuijua maana ya methali hiyo siku ile. Niliijua miezi michache baadaye, na walionifundisha ni mama mdogo wangu na mtoto mchanga ambaye alikuwa hajaonana naye.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, kule kijijini Moding, baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa na binti mmoja tu, Amoit, dada yangu wa kulala kitanda kimoja na kugombania mfupa. Amoit aliolewa ng'ambo, karibu na Tororo, na mumewe fundi seremala. Mwaka huo tukapata habari kwamba amejifungua mtoto wa kike. Mama mdogo alifurahi hadi akasahau ugonjwa wake, maana alikuwa mgonjwa. Miguu imevimba, pumzi fupi, na hospitali walikuwa wamemwambia akapumzike nyumbani, kwa ile sauti wanayotumia dawa zikiisha maana.

Sasa sikiliza mila yetu Wateso, maana nyinyi mnazaliwa hospitalini na jina mnalikuta kwenye kadi. Kwetu, mtoto alipewa jina kwa kidole cha bibi. Pombe ya wimbi inatengenezwa, bibi anachovya kidole ndani ya pombe, anakigusisha mdomoni mwa mtoto huku akitaja jina la mmoja wa wazee waliotangulia. Mtoto akikataa, bibi anataja jingine. Akinyonya kidole, hilo ndilo jina lake. Mama mkwe wa Amoit alikuwa ameshafariki. Kidole kilichobaki kilikuwa cha mama mdogo, na sote tulijua hakitakaa sana.

Akaniita. "Wewe mtu wa baiskeli," akaniambia, "nenda ulete huyo mtoto. Nataka nimpe jina, ndiyo nilale vizuri."

Nikaondoka nimevimba kichwa. Nani mwingine angetumwa? Nikakanyaga hadi Tororo, nikaipiga kengele mbele ya nyumba ya Amoit, na nyumba ilikuwa imefungwa. Mlango ulikuwa na kufuli, karakana ya seremala haina hata randa. Unajua ng'ambo wakati huo walitawaliwa na wanajeshi, na watu walikuwa wanahama bila kuaga, kwa sababu kuaga ni kumwambia mtu unakokwenda. Jirani mmoja akaninong'oneza pengine wameenda Mbale. Nikaenda Mbale, nikauliza kwa mafundi wote wa mbao, wakanitazama vile watu wanavyomtazama mgeni anayeuliza maswali mengi. Mwingine akasema Kumi, mwingine akasema Soroti, mwingine akaniita ssebo, yaani bwana, akaniambia, "Rudi kwenu kabla hujaulizwa wewe."

Nikarudi. Nakwambia ukweli, mwanangu, nililia njiani. Nilijua kila kichochoro kati ya geti na geti, nilijua mashimo kwa majina, na sikuwa na pa kuielekeza baiskeli.

Mzee Abdala aliniona nimekaa mbele ya chai hadi imeganda utando. Nilipomweleza, angeweza kunikumbusha maneno yangu, na mimi ningekuwa yeye ningekumbusha. Yeye alifuta mikono kwa aproni yake akasema, "Umemaliza kutafuta kwa miguu. Sasa tutafute kwa mdomo. Kuna basi ya Kisumu saa hii."

Huko Kisumu ndiko vipindi vya lugha zetu za magharibi vilikotangaziwa. Nilidhani nitakuta jumba la vioo. Nilikuta korido yenye harufu ya rangi ya sakafu, na mwishoni mwake mtu wa makamo, koti limetoboka viwiko, akinywa uji. Nilimtambua alipofungua mdomo. Ile sauti iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kiteso, hata kuku wakanyamaza, ilikuwa ya mtu huyu mwembamba mwenye uji kwenye masharubu.

"Yoga," akanisalimu kwa lugha yetu, nami nikajisikia niko nyumbani. Nikamweleza. Hakuniharakisha. Aliniuliza jina la Amoit, la baba yake, la mumewe, kazi ya mumewe, na ukoo.

"Na mtoto anaitwa nani?" akauliza.

"Bado hana jina. Ndiyo sababu nimekuja."

Akaweka kikombe chini. "Hiyo tutaisoma leo," akasema. "Na kesho, na kesho kutwa. Kipindi chetu ni kifupi, lakini nitaipatia nafasi."

Sijui ni aibu au ni shukrani iliyonisukuma, nikamuuliza nani analipia mambo haya, maana vipindi vya Kiswahili nilivisikia vina matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, na hiki chetu sikuwahi kusikia kimetangaza hata kiberiti.

Alicheka. "Nani atauzia Wateso sabuni kwa redio? Sisi ni wachache, ndugu yangu. Mwenye kiwanda akipiga hesabu anatuacha nje. Hiki kipindi kinalipiwa na mchunga ngamia wa Garissa na mchuma chai wa Kericho, na hakuna mmoja wao anajua neno hata moja tunalosema hapa." Akachukua kikombe chake tena. "Na wewe unawalipia cha kwao. Au hujui?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimebeba watu wa kila kabila kwenye kile kiti chekundu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa Garissa amenibeba mimi.

Nilirudi Moding nikakuta mama mdogo ameamka kitandani na kuanza kutengeneza pombe. Nikamwambia, "Mama, hatujui kama watasikia." Yeye akaendelea kuchanganya kimea. Majirani wakanong'ona kwamba ugonjwa umempanda kichwani, maana pombe ya wimbi ikiiva haingoji mtu. Siku chache tu inachacha inakuwa ya kumwagwa. Wazee wa kijiji walianza kupitapita karibu na nyumba na kujifanya wanatafuta mbuzi, kila mmoja na mrija wake wa kunywea pombe kwapani. Mama mdogo alikaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, akawafukuza kwa fimbo.

Jioni ya tangazo nilikuwa kwa Mzee Abdala. Alikuwa ameweka betri mpya. Hoteli ilijaa hadi kibarazani, Wateso, Waluhya, madereva wa lori, wote wakingoja kipindi ambacho nusu yao hawakielewi. Na ile sauti ikasema, nami naitafsiri kwa Kiswahili: Amoit, mke wa fundi seremala, popote ulipo, mama yako yuko nyumbani, ana kidole kimoja na pombe inaiva. Mlete mtoto.

Sikuwa nimemwambia aseme hivyo. Aliyatunga mwenyewe, kwa sababu aliwajua watu aliokuwa anawasemesha. Mtu wa mbali asiyejua mila yetu angesema mgonjwa mahututi, na Amoit angefikiri ni mtego wa kumtoa mafichoni. Lakini kidole na pombe, hayo hayawezi kusemwa ila na mtu wa nyumbani. Madereva wakauliza tangazo limesema nini, na Mzee Abdala, ambaye alikuwa amejifunza Kiteso kwa kuuza chai, akawaeleza.

Tukangoja. Pombe ikaiva. Mama mdogo akakataa isiguswe. Ikaanza kuchachuka, harufu ikafika barabarani, na wale wazee wa mbuzi wakaacha hata kujifanya. Nami kila nikipeleka mzigo ng'ambo nilitazama kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Usiku sikulala. Niliogopa kifo cha mama mdogo, lakini zaidi niliogopa afe akiwa ameketi pale mlangoni, fimbo mkononi, akilinda chungu.

Wakafika asubuhi moja, kupitia njia ya mtoni, miguu imejaa tope. Mbele alikuwa mtu nisiyemjua, mfanyabiashara wa mihogo mikavu, anasukuma baiskeli. Nyuma yake Amoit, amekonda, na mgongoni mtoto analala. Amoit ndiye aliyeanza, akaniambia, "Umezeeka, na kengele bado unayo," kisha tukalia wote wawili barabarani kama watoto walionyimwa chakula.

Yule wa mihogo alikuwa amelala safarini kwenye nyumba ya watu huko Kumi. Usiku wenye nyumba walifunga dirisha wakafungua redio ya Kenya kwa sauti ndogo, maana ya kwao wakati ule ilikuwa inamsifu mtu mmoja tu asubuhi hadi jioni. Akasikia Amoit, mke wa seremala. Akakumbuka kuna seremala mgeni huko kijiji fulani alikonunua mihogo, mkewe ana lafudhi ya Kenya. Akageuza baiskeli akarudi alikotoka. Biashara yake ilikuwa upande mwingine kabisa.

Nilitaka kumpa kitu. Akakataa mkono wangu. "Mimi nilisikia jina," akasema. "Sasa ningelala namna gani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya watu wa mpaka huu, mwanangu, na sikuwa nimeitia maanani hadi siku hiyo. Jina likitajwa redioni na wewe unamjua mwenyewe, umeshatumwa. Huulizi nani atakulipa nauli. Redio ililiweka jina hewani kwa kodi ya watu wasiojuana, na mtu asiyejuana nasi akalichukua akalifikisha.

Mama mdogo hakulia. Alisema tu, "Mmechelewa, pombe ni chungu," akachovya kidole. Akataja jina la mama yake mkwe. Mtoto akafunga mdomo. Akataja la shangazi yake. Mtoto akageuza uso akakunja pua kwa ule uchachu, na nyumba ikacheka. Halafu akataja Apolot, jina la mama yake mwenyewe, aliyemzaa yeye na mama yangu. Mtoto akanyonya. Akanyonya hadi mama mdogo akasema, "Niachie kidole, sijamaliza kukitumia." Wazee wakaingia na mirija yao, na pombe ile chungu haikubaki hata tone.

Alitutoka wiki chache baadaye, akiwa amelala, na Apolot ubavuni mwake.

Nilipokwenda kwa Mzee Abdala kumshukuru, na kumwambia kwamba sasa nitalipa kodi bila neno, alinishangaza. "Bila neno? Hapana. Sasa ndiyo uanze maneno. Mtu hawezi kugombeza ng'ombe ya jirani, lakini yake anaigombeza. Wakisoma hotuba hadi chai ipoe, sema. Wakificha njaa, sema. Wakiondoa kipindi cha lugha yako, piga kelele mpaka Nairobi wasikie. Ulilipa ya nini, kama ni kunyamaza?" Na kweli, tangu siku ile sijanyamaza. Wale wa Nairobi wamepata malalamiko yangu mengi, na mengine, nasikia, hata waliyasoma.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie wazi. Najua una simu, na simu yako inampata unayemtaka. Lakini ina namba ya mtu unayemjua. Iko siku utamtafuta usiyejua aliko, na siku hiyo utahitaji mahali ambapo nchi nzima inasikiliza, pasipomilikiwa na mwenye kiwanda anayehesabu ni wangapi watanunua, wala na mtu mmoja mwenye bunduki anayetaka asifiwe yeye tu. Mahali hapo hapajengwi kwa upepo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mchango wako ni mdogo, na najua kwenye fedha za umma kuna mchwa. Lakini ghala likiingia mchwa hatuchomi ghala. Tunatafuta mchwa, tunawaua, na mlinzi aliyesinzia tunamwambia aende. Asiyekuwepo na lake halipo. Ukiondoa mkono wako, na haki yako ya kuuliza umeiondoa. Toa mchango wako, kisha uliza, tena uliza kwa ile sauti yako ya jana, kwa maana ni nzuri na mimi naipenda.

Na wewe usiwe mtu wa kulipiwa tu. Ukisikia jina la mtu unayemjua, kwa redio, kwa simu, kwa chochote mtakachobuni, amka.

Mungu akupe miguu isiyochoka na masikio yasiyochagua kabila. Akupe mlango unaofunguliwa na wageni, na watoto wa kuwapa majina kwa mkono wako mwenyewe. Na siku nawe utakapokuwa umepotea, mahali ambapo hakuna ndugu anayejua uliko, jina lako litajwe kwa lugha unayoielewa, na mtu usiyemjua ashindwe kulala.